Kofia ya Mjane kwenye Kichwa cha Mke

Dorothée alipata kazi kwa sababu ya kichwa chake. Vidole vyake navyo vilikuwa vizuri, maana huko Bukavu alikuwa akiwashonea kofia wanakwaya na mama wa maharusi, lakini Stockholm haikukosa watu wenye vidole. Kilichokosekana katika kile chumba cha kushonea kofia za tamthilia, karibu na kituo cha Zinkensdamm, kilikuwa kichwa cha ukubwa fulani, chenye kisogo kilichochomoza kidogo, sawasawa na cha mwigizaji mmoja aliyekuwa safarini Norway. Gunvor, mwenye chumba, alimpima kwa futikamba siku ya kwanza, akasema neno moja tu, "Bra", yaani vizuri, akamwonyesha pa kutundika koti.

Nilimfahamu Dorothée miaka kadhaa baadaye, nyumbani kwake Alby, kitongoji cha Stockholm. Nimezunguka miji mingi nikiwauliza watu walivyofika hapo walipo, na wengi huanzia kwenye barabara, au mpaka, au askari. Yeye alianzia kwenye kofia, na kabla ya kuanza aliinuka akafunga mlango wa jikoni ili watu wa nyumbani wasisikie.

Gunvor alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu. Alikaa na pini mdomoni tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo hakuzungumza. Alikuwa na sheria moja: kofia haimaliziwi juu ya kichwa cha mbao. Mbao haiumwi, haikwambii waya unachoma wapi. Kila kofia ilipokaribia kwisha ilibidi ivaliwe na mtu aliye hai, akae nayo kitini, afungwe utepe, ageuze shingo, acheke, ainame kuokota kitu, huku Gunvor akimzunguka na kushona pale palipolegea. Mtu huyo aliye hai alikuwa Dorothée.

Ilikuwa mwaka 2004, mwezi wa Mei, na tamthilia yenyewe ilihusu London ya enzi za Malkia Victoria. Kofia zake hazikuwa zile za ukingo mpana ambazo kina mama wa Kikongo huvaa kanisani. Hizi zilifunika masikio na kisogo, mfano wa kikapu kilicholazwa ubavu, uso ukachungulia kutoka ndani, na utepe mpana ukafungwa chini ya kidevu. Waswidi huiita bahytt. Mwanamke aliyeivaa haoni kushoto wala kulia mpaka ageuze kichwa kizima. Farasi wa mikokoteni ya London walizibwa pembeni mwa macho vivyo hivyo, ili wasishtuke.

Kofia ya tatu ilikuwa nyeusi. Kitambaa chake kilikuwa kimejikunjakunja na hakikung'aa hata kidogo. Nyuma ilining'inia shela nyeusi mpaka kiunoni, na ndani ya ukingo, kuzunguka uso, Gunvor alishonea marinda membamba meupe. Dorothée alijitazama kiooni akajipenda. Machoni pake, nyeupe iliyozunguka uso namna ile ilikuwa ya komunyo ya kwanza au ya arusi. Ile nyeusi hakuijali, kwa kuwa Waswidi huvaa nyeusi kwenda kazini, karamuni, na dukani kununua maziwa. Alimwomba Gunvor ampige picha.

Picha ilikuwa ya kumpelekea mumewe. Urbain alikuwa fundi wa redio, bado yuko Bukavu, mtaa wa Kadutu. Dorothée alikuwa ametangulia Uswidi na binti yao mdogo, Aurore, na maombi ya Urbain ya kuwafuata yalikuwa yamelala ofisini. Hawakuwa wameonana kwa miaka mitatu. Nyuma ya picha aliandika: "Urbain wangu, hivi ndivyo ninavyokungoja." Akaitia kwenye bahasha na kumpa Lameck, mfanyabiashara wa hapo Alby aliyekuwa akienda Bujumbura na kutoka huko kuvuka mpaka Bukavu.

Mwisho wa mwezi vita vikaingia Bukavu.

Redio ilitaja mitaa anayoijua. Dorothée alinunua kadi za simu, zile za kukwangua, akapiga asubuhi na mchana, na kila mara mwanamke wa kwenye mtambo alimwambia kwa Kifaransa kitamu kwamba mteja hapatikani. Aurore alimwuliza kwa Kiswidi kama baba amepiga. Dorothée akamjibu kwa Kiswahili kwamba mtandao ni mbaya. Mtoto akasema "Jaha", yaani haya basi, akarudi kwenye televisheni.

Halafu alasiri moja simu ikaita. Iliita kweli, kule Kadutu, na ikapokelewa. Dorothée alisimama.

"Urbain?"

Mtu alikuwa anatafuna kitu.

"Alo? Ni mke wa Urbain. Mpe simu."

"Urbain hayuko," sauti ikasema. Ilikuwa ya mwanamume, si ya mkubwa.

"Yuko wapi?"

"Hii simu ni yangu sasa, mama." Akatafuna, akameza. "Usipige tena."

Hakumwambia mtu. Usiku hakulala, mwezi wa Juni jua la Stockholm linaingia hata kwenye mapazia, na hakuna giza la kujifichia. Asubuhi alimpeleka mtoto shule, akapanda treni, akaenda kazini, kwa sababu nyumbani kulikuwa na simu mezani na alikuwa ameanza kuiogopa.

Siku hiyo alikuja Thomas, mbunifu wa mavazi ya ile tamthilia, kukagua kofia. Dorothée aliketi kitini, Gunvor akamvika ile nyeusi, akafunga utepe kidevuni na kuanza kushona upande wa sikio. Thomas aliwazunguka akipiga makofi kidogo kidogo.

"Safi kabisa! Utasema mume wake kazikwa juzi."

Dorothée alidhani Kiswidi chake kimemdanganya. "Mume wa nani?"

"Wa huyu mwanamke. Hii ni kofia ya mjane, hukuambiwa?" Akachutama mbele yake, mwenye furaha ya mtu anayependa kazi yake. "Ona, kitambaa hiki haking'ai, maana mfiwa haruhusiwi kung'aa. Na haya marinda meupe! Dada wa marehemu hayavai, mama wa marehemu hayavai. Ni mjane peke yake. Barabarani watu walikuwa wakimtazama mara moja wanajua. Malkia wao mwenyewe alivaa ujane miaka arobaini."

"Mjane," Dorothée akasema.

"Usisogee! Kaa hivyo hivyo. Gunvor, unauona uso huu? Huu ndio ninaoutaka jukwaani."

Dorothée hakuweza kusogea hata angetaka. Sindano ya Gunvor ilikuwa karibu na sikio lake, fundo la utepe lilikuwa limekaza kooni, na kwa macho hakuona kushoto wala kulia, ila lile dirisha la mbele na anga nyeupe. Alijihesabia makosa: alikuwa ameivaa siku baada ya siku, tangu kabla ya risasi ya kwanza. Alikuwa amecheka ndani yake, akainama ndani yake kuokota pini. Na alikuwa amempelekea mume picha yake mwenyewe akiwa mjane, na nyuma ya picha kuna maneno ya mkono wake: hivi ndivyo ninavyokungoja.

Jioni alikwenda ngazi mbili juu, kwa jirani yake Précieuse. Précieuse alikuwa mtu wa Uvira, mtu wa maombi na wa utani, na alimsikiliza mpaka mwisho huku chai ikipoa.

"Mama Aurore. Uliketi nayo mara ngapi?"

"Kila siku."

"Na ukafungwa kidevuni?"

"Kidevuni."

"Na picha ukapiga."

"Précieuse, usinitajie moja moja."

"Miye ni mtu wa Yesu, mambo hayo siyaamini," Précieuse akasema, akainuka kufunga dirisha. "Lakini nyanya yangu aliyaamini, na Yesu alimpenda vilevile. Alikuwa akisema hivi: mwanamke akivaa vya ujane mume yu hai, amekiita kifo. Na asivivue mwenyewe. Akivivua mwenyewe vinabaki mwilini. Avuliwe na mjane, mjane wa kweli, halafu yule mjane aseme: hiki ni changu, si chake."

"Nimeivua mwenyewe kila siku."

"Basi itabidi uivae tena, uvuliwe."

Dorothée akaweka kikombe chini. Alikuwa ameapa njiani, ndani ya treni, kwamba kofia ile haitamgusa tena.

"Mjane tunaye," Précieuse akaendelea. "Mama Heshima wa Rissne. Mumewe tulimzika sote, hakuna shaka."

"Kofia haitoki kazini."

"Kwani ina miguu? Itatoka na wewe."

"Huo ni wizi, dada."

"Ni kuazima bila kuuliza. Kuna tofauti, Mungu anaijua." Précieuse alikuwa ameshavuta simu. "Kwanza hiyo picha. Lameck yuko wapi?"

Lameck alipatikana Bujumbura, akipiga kelele kwa furaha ya kusikia watu wa Alby. Barabara ya Bukavu ilikuwa imefungwa, mzigo wake umekwama, na bahasha anayo.

"Na picha nimeiona, samahani, bahasha haikuwa imegundishwa! Mama Aurore, umetoka malkia! Nimewaonyesha watu wa hoteli."

"Ichome!" Dorothée akasema.

"Nichome uso wa mke wa mtu? Unataka kuniua?"

"Basi ichane."

"Kuchana ndiyo mbaya zaidi. Weye una nini?"

Précieuse akampokonya simu. "Lameck, ifunge hiyo bahasha, uirudishe huku kama ilivyo, na usimwonyeshe mtu mwingine, la sivyo mke wako wa Alby atasikia habari za mke wako wa Bujumbura."

Lameck akasema atairudisha. Picha, basi, haikuwa imemfikia Urbain. Ila hilo halikutosha. Kofia ilikuwa inamngoja Zinkensdamm juu ya kichwa cha mbao.

Siku mbili alitoa visingizio. Alisema shingo inamwuma, alisema anaumwa jino, akashona maua ya kofia nyingine. Siku ya pili, Ijumaa, wakati wa kahawa ya alasiri, Gunvor aliposhuka chini na washonaji wa nguo, Dorothée alibaki. Alisimama mbele ya ile kofia muda mrefu. Halafu akaizungusha karatasi laini, akaitia katika mfuko wa duka, juu yake akaweka kanga, akavaa koti. Kutoka hapo ni treni mpaka katikati ya mji, kisha njia ya buluu mpaka Rissne. Kabla ya jioni angekuwa kwa Mama Heshima.

Gunvor alikuwa mlangoni, kikombe mkononi na pini bado mdomoni.

Alitazama mfuko. Alitazama kile kichwa cha mbao, kikiwa wazi.

"Fungua," akasema.

Dorothée hakufungua. Alijua vizuri anavyoonekana: mgeni aliye kwenye majaribio, mali ya watu chini ya kanga. Akili yake ilikimbia mbele, ikaona polisi, ikaona mtu wa ofisi ya uhamiaji akiandika jambo kwenye faili la Urbain. Na hata hapo, aliniambia, hofu ya polisi ilikuwa hofu ndogo. Ile kubwa ilikuwa kwamba sasa kofia haitafika Rissne.

"Nairudisha," alisema. Kiswidi kilikuwa kinamtoka vipande vipande. "Nairudisha Jumatatu. Ninamhitaji mjane."

"Nini?"

"Mjane. Mume wangu yuko vitani. Simu yake ina mtu mwingine ndani. Na mimi nilivaa hii, kila siku nilivaa, na mume yu hai. Labda yu hai. Kwetu ni vibaya. Lazima mjane anivue."

Gunvor aliweka kikombe dirishani. Akaanza kutoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akizichomeka kwenye mkono wa blauzi yake. Dorothée hakuwa amewahi kuuona mdomo ule ukiwa mtupu; ulikuwa mdogo, na midomo ina alama za mashimo madogo.

"Anakuvua, kisha?"

"Kisha anasema ni yake. Si yangu."

"Kwa lugha gani?"

Swali hilo hata Précieuse hakulifikiria. "Yoyote," Dorothée akasema.

"Keti."

Hakuelewa.

"Keti kitini," Gunvor akasema. "Mume wangu, Bertil, alianguka pale, akafa." Alionyesha kwa kidevu meza ya kukatia vitambaa. "Mwaka tisini na tatu. Alikuwa amekuja kuniletea mkasi. Nilikuwa na pini mdomoni, sikuweza hata kupiga kelele. Keti, kabla hawajapanda."

Dorothée aliketi. Gunvor akaifungua karatasi, akamvika. Giza la pembeni likarudi, shela ikaangukia mgongo, na utepe ukapita chini ya kidevu. Dorothée alifumba macho na kumwona Urbain kama anavyoonekana mtu aliyelala chali, akayafumbua upesi. Alikuwa anasali, lakini sala zilikuwa zimechanganyika, nusu ya moja na nusu ya nyingine. Alisikia vidole vizee vikihangaika na fundo. Lilikuwa limekaza, na Gunvor alinung'unika kitu juu ya utepe wa bei rahisi. Fundo likaachia. Uzito ukatoka kichwani.

"Ni yangu," Gunvor akasema kwa Kiswidi, polepole, kama anayemwambia mtu aliyesimama nyuma ya Dorothée. "Si yake."

Halafu akaivaa yeye mwenyewe. Kichwa chake kilikuwa kikubwa zaidi, kofia ikakaa juu juu kama kifuniko cha birika, marinda meupe yakamsimamia kwenye paji la uso. Wale wengine walipopanda ngazi walimkuta ameketi hivyo, anashona. Mmoja akaanza kucheka, akaacha.

"Kuanzia leo hii namalizia kwa kichwa changu," Gunvor akawaambia. "Thomas akiuliza, aje aniulize mimi."

Ingependeza kusema kwamba hapo Dorothée alitulia. Hakutulia. Mwishoni mwa juma redio ilisema askari wanaondoka Bukavu, kisha ikasema maduka yameporwa, kisha ikasema habari za Iraq. Kanisani aliimba bila kujisikia. Jumatatu alirudi kazini, akakuta ile kofia juu ya kichwa cha Gunvor tena, na kila alipomtazama alijiuliza: je, mjane mzungu anatosha? Je, kifo cha kwetu, kile kilichoitwa kumfuata Urbain, kimeelewa Kiswidi?

Simu ya kazini ilipoita alasiri, ni Gunvor aliyepokea. Alisikiliza, akakunja uso, akaifunika kwa kiganja.

"Mwanamume," alisema. "Anaongea kama wewe."

Dorothée alirudi nyuma mpaka akagonga rafu ya vitambaa. Namba hii hakuijua mtu. Iliandikwa tu kwenye karatasi, nyumbani juu ya friji. Aurore, labda Aurore alikuwa amemsomea mtu kwenye simu. Lakini nani? Yule aliyekuwa anatafuna?

"Sitaki," alisema.

"Njoo."

"Mwambie sipo."

"Siwezi kumwambia, haelewi." Gunvor akamshika mkono, akamfungua vidole, akamwekea simu. Shela nyeusi ilimpapasa Dorothée begani, akaisukuma mbali.

"Alo?"

Upepo, na injini ya lori. Kisha: "Mama Aurore."

"Wewe nani?"

"Namna gani, wewe nani? Ni mimi."

"Mimi ni watu wengi. Mama yangu anaitwa nani?"

"Doro, hii simu ni ya mtu, nina dakika chache, na wewe unanipa mtihani?"

"Mama yangu anaitwa nani?"

"M'Cirhuza," Urbain akasema. "Na hanipendi."

Dorothée akaketi sakafuni, juu ya vipande vya kitambaa cheusi. Alimsikia akieleza kwa haraka: askari walivunja mlango wa duka lake, walichukua simu na viatu, alijificha kwa jirani juu ya dari, kisha akavuka mto Ruzizi pamoja na watu wengi, na sasa yuko Cyangugu, upande wa Rwanda, miguu imechubuka, lakini mzima. Aliyasikia yote, na kila neno lilikuwa zuri, mpaka alipofika hapa:

"Wanasema kumetulia. Kesho navuka, narudi kidogo."

"Kufanya nini?"

"Redio za watu, Doro. Nimezificha juu ya dari, na ile kubwa ya paroko. Nikiacha ziibwe watu wataniita mwizi."

"Wakuite."

"Ni siku moja tu."

"Urbain, usirudi." Sauti ilikuwa imempanda, Gunvor aligeuza kichwa kizima, kofia na yote, kumtazama. "Unanisikia? Usichukue kitu. Hata paroko mwenyewe akikuita, usirudi. Nenda Kigali, nenda Bujumbura kwa Lameck, ukae."

Upepo. Lori likapita.

"Sawa," akasema. "Sirudi."

"Apa."

"Naapa."

"Kwa Mashi."

Akaapa kwa Mashi, lugha ya nyumbani kwao. Dorothée akamwambia aape kwa Kifaransa, kwa sababu Kifaransa ni cha shule na cha serikali, akaapa. Akamrudisha kwenye Kiswahili. Nyuma mwenye simu alikuwa ameanza kulalamika, na Urbain, mtu asiye na viatu, akaanza kucheka.

"Usicheke," Dorothée akamwambia. "Anza upya."